Ugali wa Watu Wawili

Nyangate alikuwa na sauti ya kuazimisha. Kazi yake katika kibanda cha video pale sokoni Ekerenyo ilikuwa kukaa mbele na kipaza sauti, kisogo kwa watazamaji, akiwasemea Wachina na Wamarekani wa kwenye filamu kwa Kiswahili kilichotiwa Ekegusii, lugha ya kwao. Aliwahi kumsemea jenerali, mtawa na nyoka katika filamu moja. Akiweka kipaza sauti chini, ulimi ulimganda, hasa mbele ya Joyline, fundi wa nguo wa ng'ambo ya barabara. Alikuwa amempenda tangu mvua za mwaka jana, na jambo la maana kabisa alilowahi kumwambia ni kwamba suruali imebana.

Jumapili moja flashi ilileta filamu kongwe isiyo na sauti. Kijana mwenye kofia ya duara anamposa binti wa mwoka mikate. Midomo inacheza, neno halitoki. Watu wakalalamika kwamba spika zimekufa. Nyangate aliona siku yake imefika. Joyline alikuwa ameahidi kuja kutazama, na hapa palikuwa na mchumba asiye na maneno yake mwenyewe. Kijana alipopiga goti kando ya ua, Nyangate akamsemea taratibu:

"Kila jioni napika ugali wa watu wawili, na kila asubuhi nampa mbwa mabaki. Njoo umnyime mbwa."

Kibanda kizima kilishangilia. Kwa aibu, yeye hakugeuka. Angegeuka angeona kwamba Joyline hayupo. Mama mmoja alikuwa amemletea sare za shule za kupunguza, naye Joyline akabaki kwenye cherehani.

Kesho yake mchana Nyangate alijikaza, akavuka barabara, akamuuliza kama ameyasikia yale maneno. Joyline alisema ameyasikia na yamempendeza. Haron wa bodaboda, aliyekuwa kibandani jana, alikuja kumwambia asubuhi alipokuwa akifungua duka, akavua hata kofia ya pikipiki. Haron, kwa taarifa, hajawahi kufuga mbwa.

Nyangate akaeleza, kwa kigugumizi, kwamba maneno yale ni yake. Joyline alimsikiliza mpaka mwisho, bila hasira, uzi mkononi.

"Najua ni yako. Haron mwenyewe ameniambia ameyatoa kwako. Lakini yeye amekuja kuniambia mimi. Wewe umeambia soko lote, ukanipita."

Iliuma, na hakuna haja ya kulizungusha jambo hilo.

Ng'ombe wa mahari wa Haron walipelekwa kwa kina Joyline mwezi wa Agosti, harusi ikawa Desemba. Mshereheshaji alikuwa Nyangate, maana nani mwingine hapa Ekerenyo? Zamu ya bwana harusi ilipofika, Haron aliyaanza yale maneno vizuri, ugali, jioni, asubuhi, kisha akakwama. Nyangate, aliyekuwa amemshikia kipaza sauti, akamnong'oneza yaliyobaki.

Watu walipiga makofi. Joyline peke yake ndiye aliyeona ni midomo ya nani iliyotangulia.