Aliyefungwa Ananyolewa

Kinyozi huyu si mtu mjinga. Tuanze kwa kumtetea, maana huko mbele mtamcheka. Ana miaka arobaini na nane, mke mmoja, watoto watatu, na kibanda cha kunyolea chenye kiti kimoja, kioo kimoja chenye ufa, na benchi la watu wanne. Wa tano hukaa nusu tako. Akikipitisha kitana kichwani mwako mara moja tu, anakuambia jana ulilala upande gani. Lakini kampuni inayotengeneza gemu ilipotoa matangazo yake mwezi ule, fundi wa watu alichanganyikiwa mpaka akamnyoa mtu mmoja sharubu ambazo hakuombwa kuzigusa.

Mjue kwanza gemu liliingiaje kwa kinyozi. Zamani wateja walikuwa wakigombania foleni. Huyu anasema nilitangulia, yule anasema niliacha kofia yangu hapa tangu asubuhi, mwingine ana safari. Siku moja wawili walishikana mashati mbele ya kioo, na ndipo ule ufa ulipopatikana. Kesho yake kinyozi alikuja na gemu la wanawe, wenyewe wakilia nyumbani, akaliunganisha na televisheni ndogo ya ukutani, akatumbukiza sidii ya mpira. Kisha akachana boksi, akaandika kwa kalamu nzito na kulitundika juu ya kioo: ALIYEFUNGWA ANANYOLEWA. ALIYENYOLEWA HAKAI.

Wawili wanacheza. Aliyefungwa anapanda kitini, aliyeshinda anabaki na padi yake mkononi kumsubiri mwingine. Ukishanyolewa, asante, kwaheri, benchi ni dogo. Mwenye muda wake anashinda, mwenye haraka anafungwa makusudi. Wakikutana wawili wenye haraka, hapo sasa utacheka ufe, maana kila mmoja anajifunga mwenyewe na kipa anatazama tu.

Bingwa wa pale alikuwa Mzee Posta. Alisambaza barua kwa baiskeli miaka thelathini na moja, akastaafu, na mwaka uleule aliostaafu mkewe akafariki. Binti yake anaishi mbali, humpigia simu Jumapili. Nyumba ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Basi kila asubuhi kinyozi akija kufungua, anamkuta mzee kasimama mlangoni, suruali imenyooshwa, kofia mkononi.

"Umechelewa, mwanangu," anamwambia, hata kama jua ndiyo kwanza linachomoza.

Akiingia anashika padi, na hafungwi. Miaka minane sidii ni ileile, timu ileile, na winga wake ni yuleyule, namba kumi na moja, kijana mfupi mwenye mbio. Mpira ukimfika namba kumi na moja, hesabu goli. Kwa kuwa hafungwi, hanyolewi, na kwa kuwa hanyolewi, anakaa. Nywele zikimzidi husubiri jioni wateja waishe, anapanda kitini kwa hiari yake, kisha anakwenda nyumbani kulala. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo, lakini kinyozi alijua vizuri kwamba siku mzee atakapofungwa asubuhi, hatakuwa na pa kwenda mpaka kesho yake.

Na gemu lilikuwa linaumwa. Kibandani nywele zinaruka huku na huku, na zilikuwa zimelijaa gemu kupitia lile tundu la kuingizia sidii. Kila Jumamosi kinyozi alizichokoa kwa brashi ya shingo. Zilitoka za kila rangi, nyeusi, za mvi, za piko, na bado nyingine zilibaki tumboni. Mwisho likawa linacheza nusu saa, linazima. Mara nyingine Mzee Posta alikuwa anaongoza matatu bila.

"Linunuliwe jipya tu," watu wakasema. Kinyozi naye akakubali. Ndipo dereva wa lori, mteja wa siku nyingi, alipoingia simu ikiwa mkononi, mishipa ya shingo imemsimama.

"Wamepandisha bei!"

"Ya gemu jipya?" kinyozi akauliza.

"Ya lilelile la dukani! Lililotoka miaka mitano iliyopita. Kuanzia Jumatatu."

Kinyozi akaiinua mashine ya kunyolea kutoka kichwani mwa mteja, akabaki nayo hewani. "Subiri kwanza. Kitu kikikaa, bei inashuka. Kiatu, baiskeli, godoro. Au ni mimi ndiye sikusoma?"

"Hujakosea," akasema mwalimu wa hesabu, ambaye alikuwa kwenye benchi na daftari zake za kusahihisha. Akachukua kalenda ya mwaka jana, akageuza nyuma, akaanza kuandika. "Tulieni niwaeleze. Lipo nene la zamani, lina tundu la sidii, hilo bei inapanda. Limekuja jembamba, halina tundu, bei yake ni ile ya nene kabla halijapanda. Ukitaka tundu, linauzwa peke yake."

Mzee Posta akasimamisha mpira. "Nini kinauzwa?"

"Tundu, mzee wangu. Unalichomeka pembeni."

"Nina miaka sabini na moja," akasema Mzee Posta, "sijapata kumwona mtu anauza tundu."

"Na stendi ya kulisimamisha inauzwa peke yake," dereva akaongeza kwa uchungu.

"Usipoinunua?"

"Linalala."

Mwalimu aliendelea kuandika. Jembamba ukiliongezea tundu linakuwa ghali kuliko nene lililozaliwa na tundu lake. Lakini nene halitengenezwi tena, kwa hiyo ukilipata ni bahati, na bahati nayo ina bei. Akafuta, akaandika tena, akafuta. Mtu huyu anafundisha hesabu za sekondari, jamani, na watoto wa watu wanafaulu. Mwisho akaikunja kalenda. "Hii imenishinda," akasema. Dereva akaapa mbele ya wote kwamba kampuni ile haioni tena senti yake, wamewafanya mabwege vya kutosha. Hazikupita dakika kumi akamsogelea mwalimu. "Eti, jembamba la rangi nyeusi nalo lipo?"

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake," kinyozi akasema, "na mimi kazi yangu kuzipunguza." Watu wakacheka. Yeye mwenyewe alicheka mdomoni tu. Kichwani hakukuwa na kilichoeleweka.

Jioni akamsimulia mkewe. Mke alikuwa anapasi sare za watoto na hakuinua kichwa. "Kwani lazima liwe gemu, baba watoto? Gawa vikaratasi vya namba. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hospitali wanafanya hivyo."

"Na Mzee Posta nimpe namba ngapi?"

Mke akaisimamisha pasi. Akafikiri. "Basi nenda kabla ya Jumatatu," akasema. "Lakini uulize vizuri. Wewe ukiona kitu kinang'aa masikio yanaziba."

Jumamosi kinyozi akabeba gemu la zamani, maana mwenye duka alisema ukileta bovu unapunguziwa. Ile sidii aliitoa kwanza, akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Dukani akawekewa mawili mezani. Nene lilikuwa moja tu, lililosalia, na tayari lilikuwa limebandikwa bei ya Jumatatu. Jembamba lilikuwa laini kila upande, limefumba kabisa, huoni hata pa kupitisha ukucha. Kinyozi akaligeuza, akalipapasa, na furaha ikampanda.

"Hili halina tundu kabisa?"

"Halina, bosi. Ndiyo ya kisasa."

"Kwa hiyo nywele hazina pa kuingilia!"

"Nywele?" akauliza muuzaji.

"Nywele, bwana, nywele! Miaka minane zinaniua!"

Muuzaji alimtazama, akaona heri asiulize zaidi. Alipolitikisa lile bovu, zikamwagika mezani kama viganja viwili vya nywele, akarudi nyuma. "Mpira umo?" kinyozi akauliza akiwa analipa. "Umo, bosi, nimeshakuwekea ndani kwa ndani." Hakuuliza lingine. Masikio yalikuwa yameziba, kama mkewe alivyosema. Alitembea mpaka nyumbani akijiona ndiye mtu pekee aliyewaelewa wale wa kampuni.

Jumatatu asubuhi akamkuta Mzee Posta mlangoni. "Umechelewa, mwanangu." Dereva na mwalimu nao walikuwepo, wamekuja kuona kitu kipya. Kinyozi akaliweka gemu juu ya kabati, likalala ubavu kwa kukosa stendi, na akamkabidhi mzee ile sidii kwa heshima. Mzee Posta akaifuta kwa leso. Akaizungusha mbele ya gemu. Akaizungusha nyuma. Akainama, akachungulia chini.

"Mwanangu," akasema, "inaingilia wapi?"

Ndipo kinyozi alipotambua. Pale zilipokuwa zikiingilia nywele, ndipo ilipokuwa ikiingilia sidii. Alikuwa akilijua tundu lile kwa brashi, kila Jumamosi, mpaka akasahau kwamba lina kazi nyingine. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Akampigia simu mwenye duka. Lile bovu, akaambiwa, limeshafunguliwa, vipuri vimeshakwenda. Nene limenunuliwa Jumamosi ileile. Na tundu la kuchomeka? Yamekwisha, bosi, labda mwezi ujao, na bei sijui itakuwaje, siku hizi hata sisi tunashangaa tu.

"Tucheze huo uliomo," akasema Mzee Posta. "Mpira ni mpira."

Mpira haukuwa mpira ule. Wachezaji waling'aa jasho usoni kama watu wa kweli, uwanja ulipiga kelele, maandishi yakapita yakitaka ukubali hiki na kile. Mzee aliitafuta timu yake, akaipata, akashuka orodha kwa kidole kwenye kioo cha televisheni. Akarudi juu. Akashuka tena.

"Kijana wangu yuko wapi? Namba kumi na moja?"

Dereva alijikuna shingo. "Huyo alistaafu, mzee wangu. Siku nyingi."

"Hata yeye?" akasema Mzee Posta.

Wakacheza. Kitufe cha kupiga kilikuwa kimegeuka cha kupasia, na cha kupasia sijui kilikuwa cha nini, mchezaji alikuwa anajirusha tu. Dereva hakuwa na haraka siku hiyo. Alipoona mzee anapotea, alijaribu kumsaidia kwa kujifunga mwenyewe, lakini vitufe vilikuwa vimemchanganya na yeye, na kila alipotaka kujifunga akafunga. Moja. Mawili. La nne lilipoingia aliitupa padi kwenye benchi akasema, "Mimi sikutaka!"

Mzee Posta akakunja leso yake mara nne, akasimama. "Sheria ni sheria," akasema, akapanda kitini.

Kinyozi akamfunga kitambaa shingoni. Kwenye kioo, karibu na ufa, macho ya mzee yalikuwa kwenye saa ya ukutani.

"Saa tatu na robo," akasema taratibu, kama anajisemea. "Sijui nitafanya nini mpaka jioni."

Kinyozi akawasha mashine, akaanzia sikio la kushoto, akapanda mpaka utosini, akasafisha upande wote mpaka ukabaki unang'aa. Alipofika katikati ya kichwa, kidole gumba kikaizima mashine chenyewe.

"Vipi?" akauliza mzee.

"Imeshika moto."

"Mashine?"

"Mashine. Lazima ipoe. Hizi zikipata moto zinakula watu ngozi."

Mzee akajitazama. Upande wa kulia mvi zimesimama, wa kushoto hakuna kitu. "Itapoa saa ngapi?"

"Hii?" Kinyozi akaigeuzageuza mkononi, uso mkavu. "Haiwezi kupoa kabla ya jioni. Labda kesho." Akamfungua kitambaa, akamkung'uta mabega. "Kaa benchi usubiri, mzee wangu."

Dereva, ambaye hana baya ila mdomo wake hutangulia, akanyoosha kidole juu ya kioo. "Lakini si imeandikwa aliyenyolewa..."

"Mwalimu," kinyozi akamkatiza, "wewe ndiye mtu wa hesabu. Nusu ni moja?"

Mwalimu akakiangalia kichwa cha Mzee Posta. Akaliangalia lile boksi la sheria. Tangu siku ile ya kalenda alikuwa hajapata jibu la kitu chochote kuhusu gemu.

"Nusu si moja," akasema. "Huyu hajanyolewa."

Basi mzee akakaa, na kichwa chake nusu kwa nusu, akaomba aonyeshwe kitufe cha kupigia. Mchezo uliofuata mwalimu alifungwa na dereva, akapanda kitini. Kinyozi akaichukua mashine ileile, akaiwasha, ikanguruma vizuri kuanzia kisogoni mpaka kipajini bila kusita. Wote waliisikia. Dereva akajifanya anakagua vitufe vya padi yake.

Mzee Posta akainua macho, akamtazama kinyozi kwenye kioo, kisha akayarudisha kwenye televisheni.

"Kesho usichelewe kufungua, mwanangu," akasema. "Nina upande umebaki."