Bi Futi na Mlango Alioukana

Karani wa masjala ya mahakama aliyapima yale makaratasi kwa kiganja, kama mtu anayekisia uzito wa tikiti, kisha akayarudisha upande wa pili wa kaunta.

"Mama, hiki ni kitabu. Maombi ya ruhusa hayaji hivi."

Zilikuwa kurasa arobaini na moja. Bi Futi alikuwa ameziandika zote kwa mkono wake, akazipiga cherehani ubavuni kwa uzi wa buluu, mshono mara mbili, maana zile pini za ofisini hakuwahi kuziamini.

"Kwani sheria inakataza uzi?"

"Uzi haukatazwi, Mama. Kinachokatazwa ni kuisimulia kesi upya toka mwanzo. Nenda kajipange. Una siku tisa."

Mtu mwingine angetoka pale mabega chini. Bi Futi alitoka akimsema karani kwamba shati lake limekatwa mabega ya mtu mwingine, na kwa bahati mbaya alisema kwa sauti. Tuseme ukweli, mama huyu anajiamini mpaka anakera. Aliwahi kumwambia mkuu wa shule, mbele ya wazazi, kwamba sare hazikushonwa ndogo, ila yeye mkuu alinunua kitambaa rahisi na sasa kimerudi kwa kufuliwa. Mkuu akanywea, na mwaka uliofuata akamwachia fundi achague kitambaa mwenyewe. Jina la Bi Futi alipewa kwa sababu ya futi ya kupimia inayoshinda shingoni mwake, kazini, sokoni, hata msibani. Jina lake la kuzaliwa linajulikana na mahakama tu.

Kesi yenyewe ilikuwa ya chumba. Miaka ishirini na miwili alikuwa akishona katika chumba cha tatu cha safu ya vyumba saba vinavyotazama barabara. Meza ya kukatia iliundwa na marehemu mumewe mlemle ndani, kubwa kiasi kwamba haitoki mlangoni mpaka ikatwe vipande. Mwenye jengo wa zamani alipofariki, watoto wake waliuza safu nzima, na mwenye jengo mpya akaamua aanze kumtoa Bi Futi. Sheria inataka mpangaji apewe notisi ya siku thelathini. Mwenye jengo akasema ameitoa: ilibandikwa mlangoni, na picha hii hapa.

Hapo ndipo Bi Futi alipojichongea. Hakimu alimwonyesha picha ya mlango wa kijani uliopauka, karatasi nyeupe katikati, akamuuliza kama anautambua. Bi Futi hakusita hata kidogo. Mlango wake ni wa buluu, aliupaka mwenyewe. Akala kiapo kwamba ule wa kijani si wake, na aliyepiga picha ni mwongo. Mwenye jengo akaleta mashahidi watatu, mlango ukathibitishwa kuwa ndio wenyewe, na hakimu akaandika kwamba mdaiwa huyu si wa kuaminika. Bi Futi akakata rufaa, akashindwa tena kwa maneno yaleyale. Miaka minne ikapita hivyo. Sasa ilibaki mahakama ya juu kabisa, na pale huingii kwa kuwa umeonewa. Unaomba kwanza ruhusa maalumu, majaji wakuruhusu au wakukatalie. Wakikataa, baada ya siku kumi na nne unatolewa na vyombo vyako.

Alirudi nyumbani na kitabu chake kwapani, akamkuta shemeji yake, mdogo wa marehemu, anamngoja barazani. Shemeji huyu alifanya kazi ya ukarani mahakamani miaka thelathini kabla ya kustaafu, na tangu astaafu hajaacha kuzungumza kama anasomea watu amri.

"Walikirudisha?" akauliza.

"Walikirudisha. Na wewe futa hilo tabasamu."

"Shemeji, nilikwambia. Wale hawakuulizi kama umeonewa. Watu wote wanaofika pale wameonewa. Wanakuuliza swali lako linamgusa nani mwingine."

"Mwingine nani? Mlango ni wangu."

"Kumbe ni wako," alisema shemeji taratibu. "Mahakamani uliapa si wako."

Bi Futi alimkata jicho, akaingia ndani. Lakini lile neno lilimwingia. Usiku aligeukageuka kitandani, na alfajiri akafanya kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu apange pale. Alitokea uani kama kawaida, ila badala ya kuingia chumbani kwake kwa mlango wa nyuma, akazunguka jengo mpaka barabarani na kusimama mbele ya milango ikiwa bado imefungwa.

Hapa lazima ufahamu jinsi watu wa safu ile wanavyofanya kazi. Wote wanakaa nyuma, uani. Asubuhi wanaingia vyumbani kwa nyuma, wanaondoa komeo kwa ndani, wanasukuma mlango wa mbele nje mpaka unagota ukutani. Uso wa nje unashinda umeukumbatia ukuta, na uso wa ndani ndio unaotundikwa nguo, ndoo, picha za mitindo ya nywele. Jioni mlango unavutwa kwa ndani, komeo linarudi, mtu anatokea uani. Bi Futi aliupaka mlango wake rangi ya buluu, ni kweli kabisa. Aliupaka upande anaouona.

Sasa ulikuwa mbele yake, wa kijani, umepauka, na alama nne za gundi katikati.

Alijisikia vibaya sana. Miaka minne alikuwa amemwita mtu mwongo kwa jambo la kweli. Alisimama pale mpaka mashavu yakamwasha kwa haya. Kisha, kwa kuwa ni yeye, akaanza kuangalia milango ya wenzake.

Kwenye mlango wa kinyozi palikuwa na barua ya ofisi ya maji, imezeeka mpaka imekuwa ya njano, ikimtaka afike kurekebisha mita kabla hajakatiwa. Kinyozi alikatiwa maji miezi mitano nyuma, na kutwa kucha amekuwa akilalamika kwamba hakuambiwa. Kwa muuza ndoo palikuwa na karatasi ya afya ya kumtaka mwanawe arudishwe kliniki kupimwa upya. Chumba cha saba, tangazo la mtu kupotelewa na baiskeli, na huyo mtu alishahama mji.

Akarudi uani, akawagongea wote. Wakatoka na macho ya usingizi, kinyozi akiwa na mswaki mdomoni.

"Hebu njoo usome mlango wako," akamwambia.

"Nisome mlango? Bi Futi, umeamka salama?"

"Soma kwanza, halafu unitukane."

Kinyozi alisoma. Akautoa mswaki, akasoma tena. Muuza ndoo aliibandua ile karatasi ya kliniki, akaingia ndani kumwamsha mtoto.

Zile kurasa arobaini na moja Bi Futi alizifumua uzi siku hiyohiyo. Akaandika upya mara sita, na kila mara shemeji yake akichora mstari juu ya maneno kama "kwa uchungu mkubwa" na "Mungu ni shahidi." Waligombana juu ya kila mstari. Mwisho ikabaki karatasi moja na kiambatanisho cha picha saba za milango saba. Karani wa masjala aliigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akapiga muhuri.

Siku ya kusikilizwa, Bi Futi alifika na bintiye, anayeshona naye, na shemeji aliyevaa koti lake la kazini. Hawajakaa hata kidogo kwenye benchi la korido, wakili wa mwenye jengo akawafuata. Kijana mpole, mwenye joho ambalo pindo lake lilikuwa limeachia upande wa kushoto, na Bi Futi alijikaza asiseme.

"Mama, nina habari njema," alisema wakili, akampa karatasi. "Mteja wangu anakuachia chumba. Maisha yako yote. Unachotakiwa ni kuyaondoa maombi yako leo, kabla hatujaitwa."

Binti alimshika mama yake mkono. "Mama. Ndicho tulichokuwa tunakitafuta."

Bi Futi aliisoma karatasi mara mbili. Ilikuwa safi, haina mtego. Akainua macho.

"Na kinyozi?"

"Kinyozi hana kesi, Mama."

"Na wa ndoo?"

"Tuzungumze habari zako tu."

"Mbona ghafla hivi? Miaka minne mteja wako hakunipa hata salamu."

Wakili alikohoa kidogo, akatazama saa. Hapo Bi Futi akaelewa. Watu waliokuwa wakimcheka sasa walikuwa wanaliogopa swali lake.

"Shemeji, unasemaje?" akauliza.

Shemeji alikuwa na jibu la kila kitu tangu aione dunia hii. Mara hii alikuna kidevu. "Kisheria, pokea. Mimi ningepokea."

"Nakushukuru kwa ukweli," alisema Bi Futi, akamrudishia wakili karatasi yake. "Mwambie asante. Tuingie."

Majaji walikuwa watatu. Aliyeongoza alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, sauti ya chini, asiyepoteza neno. Alimwambia ana dakika kumi.

"Waheshimiwa, kwanza naomba radhi," alianza Bi Futi. "Katika mahakama ya kwanza niliapa kwamba mlango wa kwenye picha si wangu. Ni wangu. Karatasi ilibandikwa kweli. Hilo sibishani nalo tena."

Wakili aliacha kuandika. Binti wa Bi Futi aliinamisha kichwa.

"Sasa unaomba nini?" aliuliza jaji.

"Swali moja tu, mheshimiwa. Sheria inasema nipewe notisi. Mtu akiibandika mahali ambapo kila mmoja anajua siangalii, amenipa? Nimeleta milango saba. Kuna mwenzangu alikatiwa maji kwa barua aliyoisoma baada ya miezi mitano. Kuna mtoto alichelewa kliniki. Ofisi zote zinabandika, zinapiga picha, zinaondoka. Mimi ni fundi wa nguo. Suruali ya mteja nikiitundika kwa jirani, siwezi kusema nimemkabidhi."

Jaji wa kulia aliangalia picha moja moja. Wakili akasimama.

"Waheshimiwa, hakuna tena mgogoro wa kuamuliwa. Mteja wangu amekubali kumwachia mwombaji chumba. Maombi haya hayana kazi."

"Mwombaji amekubali?" aliuliza jaji mama.

"Sijakubali, mheshimiwa," alisema Bi Futi.

"Unafahamu tukikupa ruhusa, rufaa yenyewe bado unaweza kushindwa? Na ukishindwa chumba kimekwenda?"

"Nafahamu."

"Kwa nini basi ukatae?"

"Kwa sababu hajasema ataacha kubandika."

Majaji walitoka. Walikaa huko muda wa mtu kupinda suruali mbili, kwa hesabu ya Bi Futi, wakarudi. Jaji mama alisoma kwa sauti ileile ya chini. Swali ni la sheria. Linawagusa watu wengi mbali ya mwombaji. Halijawahi kujibiwa na mahakama hii. Ruhusa maalumu ya kukata rufaa imetolewa, na mwombaji asitolewe chumbani mpaka rufaa iishe.

Shemeji alitoa leso, akajifuta uso wote, pamoja na sehemu ambazo hazikuwa na jasho. "Miaka thelathini," alisema walipofika koridoni, "nimeona watu wenye mawakili watatu watatu wakifukuzwa mle ndani kwa dakika nne."

"Ndiyo maana nilikwambia niende mwenyewe," alisema Bi Futi, ambaye hakuwahi kumwambia hivyo.

Mtaani walimpokea kwa vigelegele. Kinyozi alitaka kujua kama ameshinda, naye akaeleza mara nne kwamba bado, ameruhusiwa tu kuingia, kazi yenyewe ni mwezi wa tano. Hawakumsikiliza. Muuza ndoo alimkumbatia kwa muda mrefu, kisha akarudi dukani kwake.

Watu walipotawanyika, mama na binti wakabaki wawili chumbani. Sare kumi na nane zilitakiwa kesho. Binti alipiga pasi kola tatu, akaiweka pasi kando.

"Mama, kile chumba kilikuwa mkononi."

"Kilikuwa."

"Na tukishindwa?"

"Tutahama."

Alilisema kama anavyosema kila kitu, bila kupepesa. Akakaa kwenye cherehani, akachukua uzi, akaulekeza kwenye tundu la sindano. Ukapita pembeni. Akaulowesha mdomoni, akajaribu tena, ukapita pembeni. Mara ya tatu hata sindano hakuipata.

Binti aliinuka, akamtoa uzi vidoleni, akautunga mara moja. Kisha akaushika ule mkono wa mama yake.

"Unaogopa?"

"Sana," alisema Bi Futi. "Tangu pale koridoni. Nivutie hiyo sketi hapo, tuanze na mapindo."