Karatasi Niliyoipunguza Kidole Kimoja

Chumba cha kushonea cha shangazi Generoza, kule Nemba, kilinuka mafuta ya cherehani, mkaa wa pasi na vumbi la maharage, kwa sababu kabla ya cherehani kilikuwa stoo. Mimi ndiye niliyekitoa kwenye ustoo. Niliacha shule darasa la tatu, baba akanipeleka kwa dada yake nijifunze kazi, na kazi yenyewe ya kwanza ikawa kufukuza panya na kupanga mabaki ya vitenge. Nilitafuta madebe matano, nikayasimamisha ukutani: debe la vyekundu, la kijani, la njano, la buluu, na la mwisho la vile visivyo na ukoo. Vifungo niliviweka kwenye makopo, nyuzi nikazitundika kwenye misumari. Nisifiche, kilipendeza. Wanawake waliokuja kupimwa magauni walisimama mlangoni kwanza wakitazama, na mimi nilijifanya siwaoni.

Kisha akaja Paskazia. Baba yake alikuwa ndugu wa mume wa shangazi, na kwao ni Kibimba, upande wa Ngara. Tulikuwa rika moja, ila yeye alikuwa mtulivu mpaka anaudhi. Wiki ya pili nilitoka kuchota maji nikakuta madebe yangu yote yamemwagwa sakafuni, naye anayapanga upya kwa ukubwa wa vipande, vya kiganja huku, vya shubiri mbili kule. Nikamuuliza, "Huko kwenu mna mkasi, au mnakata nguo kwa panga?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Panga la kwetu lina makali kuliko mkasi wako, dada." Nikamwita shangazi aje aone uharibifu. Shangazi akatazama, akainama, akachomoa kipande alichokuwa anakitafuta tangu asubuhi. "Koleta, wewe ulipanga kama maua ya kanisani," akasema. "Fundi hatafuti rangi, anatafuta kipande kinachotosha." Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona. Siku ile ndipo nilipoanza kuugua.

Kiangazi kile shangazi alikuwa anamuoza binti yake, na hakutaka aende kwa mume bila blanketi la vipande: juu vitenge vilivyoungwa, katikati blanketi kuukuu, chini shuka. Karatasi yake ya kukatia aliitengeneza kwa mfuko wa saruji, pembetatu moja tu. Ukikata nne ukaziunga unapata mraba, ncha zote zimekutana katikati. Alituita wote wawili. Cherehani ilikuwa moja, akasema, na haina siti mbili. Paskazia akate na kuunga. Blanketi likitoka sawasawa, yeye ndiye atakayekaa kwenye cherehani, na Koleta atabaki na pasi. Nilishika pasi ile mkononi nikaona uzito wake. Wahenga walisema aliyekupa wewe kiti ndiye aliyenipa mimi kumbi, ganda la nazi la kukalia, lakini mimi sikutaka kumbi, nilitaka kiti. Jioni, Paskazia alipokwenda kuota moto jikoni, nikachukua mkasi nikaipunguza ile karatasi upande mmoja, upana wa kidole. Ukiitazama huoni kitu. Yeye aliiamini, akakata nguo yote kwa siku mbili.

Alipotandika vipande kwenye mkeka, ncha zikagoma kukutana. Mraba mmoja ulikuwa umepinda, wa pili umepinda, wote. Kitenge kikishakatwa hakirudi. Shangazi akashika kiuno. "Nani kakata hivi?" Paskazia akasema, "Ni mimi, mama mdogo. Nimekosea, wala sijui wapi." Alilia kidogo, hakumtaja mtu, maana hakuwa na wa kumtaja. Halafu nikamwona anafuta pua, anageuza kipande kimoja kichwa chini, anakisogeza ubavuni mwa mwenzake. Vikakaa. Akageuza kingine. Ikatoka safu ndefu, imenyooka kama fito, na ndani yake pembetatu zote, kama meno, zimeegemea upande mmoja. "Mama mdogo," akasema, "kwetu mama anasuka mfuniko wa kikapu cha harusi hivi. Meno yanalala." Shangazi alikaa chini kwenye mkeka, akaanza kugeuza naye. Harusini watu waliacha kumtazama bibi harusi wakatazama blanketi. Paskazia akakaa kwenye cherehani. Mimi nikapiga pasi miaka minne.

Leo nina chumba changu Biharamulo mjini, vyerehani sita, na sikupewa hata sindano na mtu. Nililima vibarua, nikajifunza kushona kwa kumchungulia Paskazia begani. Mabaki yangu yamepangwa kwa ukubwa. Blanketi la meno ya kulala ndilo linalonilisha, wateja wanaliita mshono wa Koleta, na mimi sijawahi kuwasahihisha. Mwaka jana Paskazia alikuja hospitali kutibiwa mguu, akapita kunisalimu. Wasichana ninaowafundisha wakamwamkia shikamoo, akaitikia, akazunguka akishika kila kitu kwa ncha za vidole. Nikamuuliza kwa nini yeye hakufungua chumba. "Dada, mimi kuunga naweza, kukata siwezi," akasema. "Tangu lile blanketi nikishika mkasi naurudisha mezani. Hadi leo najiuliza nilikosea wapi." Kisha akacheka, akasema lakini Mungu alilitengeneza.

Nilimpa chai. Habari ya karatasi sikumwambia. Na nitasema ukweli mwingine: hata pale, mzee mzima mwenye vyerehani sita, nilimwonea kijicho, kwa kuwa kosa langu lilimzalia yeye mshono ambao ufundi wangu wote haujawahi kunizalia mimi, halafu bado anacheka. Akapanda basi akaenda zake Kibimba. Nimeandika haya kwa mkono wangu, polepole, kwa herufi za darasa la tatu. Paskazia hajui kusoma. Lakini ana mjukuu anayesoma sekondari, na bahasha nimeiandika jina la huyo mjukuu.