Giga Thelathini na Tano

Aliyempelekea Fundi Bisibisi simu iliyokufa betri alimkuta amekwisha kukasirika kwa niaba yake kabla hata salamu hazijaisha.

"Aliyegandisha hii kwa gundi hakulelewa," alisema huku akiupasha joto mgongo wa simu. "Betri ni kama soli ya kiatu. Itaisha tu, hata ukiiombea dua. Sasa mtu anashona kiatu kisichobadilishwa soli, halafu anakiita maendeleo!"

Wateja walicheka. Yeye hakucheka. Alichukia kompyuta nyembamba kama bahasha, ambazo memori yake imechomelewa kwenye ubao ili mtu asiweze kuiongeza. Alichukia simu zenye kamera nne na zisizo na tundu la waya wa masikioni. "Macho manne, sikio hata moja!" Alichukia apdeti zinazoingia bila hodi na kupanga upya kila kitu, kama mgeni anayehamisha kitanda chako ukiwa kazini. Lakini hasira yake kubwa aliwawekea waandishi wa programu wa siku hizi.

"Programu njema ni mgeni mwema," alipenda kusema. "Anaingia, anafanya lililomleta, anaaga. Hizi za leo zinakuja na ukoo mzima na hazitoki jikoni."

Haki ya kusema hayo alikuwa nayo. Programu ya kupanga foleni ya wagonjwa katika zahanati ya mtaa ule aliiandika yeye mwenyewe, na ilikuwa mwaka wa tisa ikifanya kazi kwenye mashine ambayo wengine wangeshaitupa.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa chuma, kati ya kinyozi na mama wa fotokopi. Mezani, chini ya taa yenye shingo ndefu, alipanga trei za mayai, na kila kishimo kilikuwa na skrubu zake na karatasi yake. Na alikuwa na sheria. Hakufungua mashine ila mbele ya mwenyewe. Aliifungua, akasoma kwa sauti namba ya kila kifaa, akaiandika daftarini, mwenye mali akatia sahihi, naye akatia yake. Wenye haraka walinung'unika.

"Kwani sisi tumekushuku, fundi?"

"Bado," aliwajibu.

Uangalifu huo aliutoa nyumbani. Baba yake alikuwa karani wa posta, na kwa miaka thelathini na mmoja vifurushi vya watu vilipita mikononi mwake bila kamba hata moja kulegea. Mzee alikwisha kufariki, lakini mtaani nyumba yao bado iliitwa "kwa Karani", na mtu akisema hivyo alikuwa amemaliza maelezo. Jina la namna hiyo halinunuliwi. Huachiwa, na aliyeachiwa hulala nalo jicho moja wazi.

Sheria yake Bisibisi aliivunja mara moja tu, na aliivunja kwa sababu ya adabu.

Binti yake, muuguzi, alikuwa ameposwa na kijana wa mzee mmoja aliyejulikana kwa jina la Mkaguzi. Kazi ya mzee huyo tangu ujana ilikuwa kukagua mizani na vipimo vya madukani, kugonga muhuri vilivyo halali na kuvunja vya uongo. Alikwisha kustaafu, ila mkono wake haukustaafu. Akishika mkate dukani aliupima kiganjani kwanza, akakunja uso.

Mkaguzi alikuja na kompyuta yake ambayo diski yake ilikuwa ikigonga kwa ndani kama mtu aliyefungiwa chooni. Alileta pia diski mpya aliyoinunua mwenyewe, kwenye kasha lililoandikwa kwa tarakimu kubwa: 500. Bisibisi akafungua daftari, akashika kalamu, kisha uso ukamwiva. Utamwambiaje mkwe atie sahihi, kana kwamba mmoja wenu ni mwizi na mwingine anajua? Akalifunga.

"Nenda tu, mkwe. Kesho kutwa itakuwa tayari."

Ikawa tayari, ikachukuliwa. Siku tatu baadaye, saa nne asubuhi, Mkaguzi akarudi nayo ikiwa imefunguliwa, ameibeba mbele yake kwa mikono miwili kama sinia.

"Fundi," alisema. Hakusema mkwe. "Diski niliyokuletea ilikuwa ya ngapi?"

"Ya giga mia tano."

"Hebu soma hapa."

Bisibisi hakuwa na haja ya kusoma. "Mia nne sitini na tano. Ndivyo zilivyo zote, mkwe."

"Mia tano, toa mia nne sitini na tano?"

"Thelathini na tano, lakini..."

"Zimekwenda wapi?"

Hapo ndipo Bisibisi alipoponzwa na ulimi wake. Jambo hilo lilimchoma tangu miaka mingi, na hakuwahi kupata mtu wa kumsikiliza. Badala ya kueleza taratibu, akalipuka. "Huu ni wizi, mkwe! Wizi mtupu! Viwanda hivi..."

"Mmesikia?" Mkaguzi aliwageukia watu wa nje. "Neno wizi amelitaja yeye. Mimi sijalitamka!"

Kwa kinyozi mashine ikazimwa. Mama wa fotokopi akatoka na karatasi mkononi.

"Namaanisha kiwandani," alisema Bisibisi.

"Ah, kiwandani! Maisha yangu yote nimewakamata wauza duka na mawe yao ya mizani yaliyochimbwa tumboni, na kila mmoja aliniambia ni kiwandani!" Sauti ya Mkaguzi ilikuwa imezoea kusikika sokoni. "Ulinifukuza nisione ukifungua. Wenzangu wote huwatilia sahihi, mimi ukanifukuza! Mwizi wewe! Mwanangu haoi katika nyumba ya mwizi."

Akaifunga kompyuta, akaondoka. Bisibisi alibaki mlangoni. Maneno yalimjia baadaye, yote kwa pamoja, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumwambia, aliyamalizia kwenye printa mbovu iliyokuwa mezani.

Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika kwa Dada Mkubwa. Huyu alikuwa dada yake wa kwanza, mwalimu wa hesabu kwa miaka mingi, na tangu baba yao afariki ndiye aliyeshika usukani wa nyumba. Alimwita kwake. Hakumpa hata kiti.

"Mpe diski nyingine, kubwa kuliko ile, yaishe."

"Nimpe kwa kosa gani?"

"Kwa kosa la kuwa baba wa bibi harusi."

"Dada, nikirudisha nisichochukua, nimekiri kwamba nilichukua."

"Wewe na ulimi wako! Kila siku mdomo wazi, viwanda hivi, programu zile. Siku ya kufungua daftari ndiyo ukapatwa na haya! Watu hawajui giga wala gugu. Wanachojua ni kwamba mtoto wa Karani ameitwa mwizi hadharani, na kinyozi hakuandikiwa na daktari kunyamaza."

"Basi aliyenivua nguo hadharani anivishe hadharani."

"Na harusi?"

Binti alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya kazini, hawakujua tangu saa ngapi. Alikuwa mtoto wa sauti ya chini, lakini siku ile alimkata shangazi yake kauli.

"Shangazi, baba akiomba radhi, mimi siolewi. Nitaishije kwenye nyumba ambayo kila kijiko kikipotea watageuka kuniangalia mimi?"

Dada Mkubwa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mwalimu wa hesabu akionyeshwa kosa lake ubaoni hulifuta mwenyewe.

"Hizo thelathini na tano ziko wapi hasa?" alimwuliza mdogo wake. "Nieleze mimi, na usigonge meza."

Bisibisi akamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza maswali mawili, akapiga hesabu pembeni ya gazeti. Jibu lilipotoka, ilikuwa zamu yake kugonga meza. Papo hapo akampigia simu mke wa Mkaguzi.

Kesho yake alasiri walikusanyika sebuleni kwa Mkaguzi: wenye nyumba wawili, Dada Mkubwa, Bisibisi na binti yake. Bwana harusi mtarajiwa alikuwa safarini kikazi, na pengine ilikuwa heri yake. Sharti lilikuwa limewekwa kwa simu: Mkaguzi aende mwenyewe duka lolote alipendalo, achague mwenyewe diski ya aina ileile, kasha lisifunguliwe. Kasha lilikuwa mezani, bado na plastiki yake.

"Mimi sitagusa kitu," Bisibisi alisema, akaweka mikono nyuma. "Mkwe atafungua, mkwe atachomeka waya, mkwe atabofya."

"Bado ninaitwa mkwe?"

"Wewe ndiye uliyeacha kuniita."

Mkaguzi akachana plastiki kwa wembe, taratibu, kwa mkono wa mtu aliyezoea ushahidi. Akaiunganisha diski na kompyuta kwa waya, akaiandaa kama alivyoelekezwa, akabofya. Akasogeza uso karibu na kioo.

"Soma, mzee," mkewe alisema.

"Mia nne sitini na tano."

Mkaguzi akabofya tena, kana kwamba diski ingeona haya.

"Na hii imeibwa," alisema.

"Imeibwa na nani, na plastiki umeichana wewe?" mkewe alimwuliza.

Bisibisi alikuwa amemwahidi dada yake kwamba hatapandisha sauti, na mishipa ya shingo ilionyesha bei ya ahadi hiyo. "Mkwe, chukua gunia la maharage. Mimi nina kikombe kidogo, napima, napata vikombe mia tano. Wewe una kikombe kikubwa kidogo, unapima maharage yaleyale, unapata mia nne sitini na tano. Kuna punje iliyopotea?"

"Hakuna."

"Kikombe kidogo ni cha kiwanda. Kikubwa ni cha kompyuta. Vyote viwili wameviita giga."

Mkaguzi aliinua kichwa. "Vikombe viwili, jina moja?"

"Jina moja."

"Na kasha wanaliandika kwa kidogo?"

"Ili namba iwe nene. Geuza chini usome. Wameandika."

Walimletea kioo chake cha kukuzia maandishi. Chini kabisa ya kasha, kwa herufi kama nyayo za sisimizi, kiwanda kilikuwa kimeeleza kikombe chake: giga moja ni baiti bilioni moja kamili. Mtu ambaye mkate tu alikuwa hauamini mpaka aupime alisoma mara mbili, midomo ikitembea. Kasha la kwanza nalo lilikuwa limeandikwa vivyo hivyo. Hakuwahi kuligeuza.

Kisha akasimama, na hasira iliyokuwa imeketi kwa Bisibisi siku mbili ikahama makao.

"Vikombe viwili, jina moja! Nimevunja mizani za wajane kwa pungufu la kiganja! Nimefunga maduka ya watu! Na hawa wanapunguza giga thelathini na tano mchana kweupe, na juu yake wanakuandikia walivyopunguza! Nataka anwani yao. Nataka barua. Mkwe, chukua kalamu!"

"Kabla hujafunga kiwanda, mzee," mkewe alisema, "fungua mdomo kwa mkweo."

Mkaguzi akaketi. Akaliangalia zulia. "Basi, mkwe. Yameisha. Tulipitiwa."

"Hatukupitiwa," alisema Bisibisi. "Ulipitiwa."

"Haya. Nilipitiwa. Niwie radhi."

Binti alishusha pumzi. Dada Mkubwa alikuwa tayari ananyanyua mkoba, kwani kwake hesabu ilikuwa imetoka sawa. Lakini Bisibisi hakuinuka.

"Humu ndani tuko watano," alisema, "na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwepo pale dukani ukinitangaza, isipokuwa mimi na wewe. Kinyozi ananyoa vichwa arobaini kwa siku. Jina uliloliangusha halikuangukia kwenye zulia hili."

"Unataka nini tena?"

"Kesho, saa nne, pale pale."

"Mimi? Mbele ya kinyozi?"

"Barua yako ya kiwanda nitaichapa, hata kurasa kumi, na nitakuongezea ya kwangu. Lakini kwanza hilo."

Dada Mkubwa alimtazama mdogo wake. Zamani angemfinya. Akauweka mkoba chini. "Mkwe," alimwambia Mkaguzi kwa upole wa darasani, "mimi nitakuja kusikiliza. Saa nne ni saa nzuri."

Mkaguzi alikuja, hilo tumpe. Saa nne kasoro dakika chache alisimama mbele ya mlango wa chuma, amevaa koti licha ya joto. Mama wa fotokopi akatoka. Kinyozi akatoka na mteja wake aliyenyolewa nusu kichwa, shuka bado shingoni. Dada Mkubwa alisimama upande wa kivuli, mikono imepangwa mbele. Bisibisi alibaki nyuma ya meza, hakutabasamu, hakumkaribisha kiti.

Mkaguzi akasema alichokuja kusema: kwamba diski ilikuwa kamili, kwamba fundi hakuchukua kitu, kwamba aliyepima vibaya ni yeye. Alisema akiangalia viatu vyake, na maneno yakaishia pale pale kwenye viatu.

"Anasemaje?" aliuliza mwenye nusu kichwa.

"Sauti, mkwe," alisema Bisibisi. "Juzi hukunong'ona."

Mkaguzi akakohoa, akaanza upya, na safari hii hata waliokuwa ng'ambo ya barabara waligeuka.