Bi Ikiwa na Mizani ya Ratili

Jina la Bi Ikiwa nilimpa mimi, tena si kwa mapenzi. Mama huyu alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Ukimwonyesha programu yako inavyofanya kazi vizuri, hushusha miwani puani na kuanza: "Na ikiwa...?" Chai yangu ilipoa hivyo kila asubuhi.

Kabla ya kuja ofisini kwetu kukagua programu alikuwa mwalimu wa hesabu, na kwa miaka ishirini ndiye aliyepanga ratiba ya shule. "Mwalimu peke yake hana shida, mwanangu," aliniambia. "Chumba peke yake hakina shida. Shida huanza wakikutana."

Mwaka mmoja niliandika programu ya kukokotoa dozi za watoto wachanga wa wodi moja. Muuguzi alikuwa na visanduku kumi na vinne vya kujaza, kila kimoja kina machaguo manne. Kujaribu kila mchanganyiko kungetaka majaribio zaidi ya milioni mia mbili. Tungezeekea pale pale. Bi Ikiwa akaiachia kompyuta itengeneze orodha fupi, ambamo kila machaguo mawili ya visanduku tofauti yanakutana angalau mara moja. Majaribio thelathini na mawili tu! Kompyuta ikayaendesha yenyewe, ikilinganisha kila jibu na kanuni ya daktari. Yote yakapita. Nikapiga meza kwa furaha, maana wodi ilikuwa ikitusubiri Jumatatu na bosi alishatoa ahadi.

"Na ikiwa kosa linataka vitatu vikutane?" akauliza.

Nilipandwa na hasira, sifichi. "Mama, utatuua kwa maswali. Imepita!"

"Vimekutana viwili viwili. Vitatu vitatu bado."

Akaingia kwa bosi, akakataa kutia saini ya kuiruhusu programu itumike. Alisema kama wana haraka hivyo, wamfukuze kwanza. Bosi akanywea, akatupa siku tatu.

Orodha mpya ilikuwa na majaribio mia moja na tisini. La mia na kumi na saba likawa jekundu, limefeli: uzito kwa ratili (karibu nusu kilo), dawa ya dripu, uzito uliofutwa na kuandikwa upya. Viwili vyovyote kati ya hivyo havikuwa na neno. Vikikutana vyote vitatu, programu yangu ilizisoma ratili kama kilo, na dozi ikazidi maradufu. Mstari ule niliuandika mbiombio, nikijiambia hakuna anayepima kwa ratili siku hizi. Bi Ikiwa hakunisimanga. Alivuta kiti tu, tukarekebisha pamoja.

Alhamisi tulikwenda wodini. Karibu na dirisha palikuwa na mizani kuukuu ya msaada, inasoma ratili. Muuguzi akampima mtoto wa siku mbili, akaandika nne. Mtoto alikuwa akirusha miguu, kwa hiyo akapima upya, akafuta, akaandika tatu na nusu. Dripu ilikuwa tayari imetundikwa. Vile vitatu vimekutana; nikainamia skrini. Namba ya dozi ikatokea, ndogo, sahihi.

"Asante, kaka," muuguzi akasema. "Programu yako imetupunguzia kazi."

"Mshukuru mama huyu," nikamjibu. "Ile niliyoandika mimi ingemuua mtoto huyu."

Bi Ikiwa hakutusikia. Alikuwa ameinama mizanini, anamfunika mtoto miguu.