Kamba ya Makopo

Leo nimekaa juu ya dungu lile lile la mwaka jana. Mpunga umeanza kuinamisha vichwa, jua zuri, na Mungu ametuvusha. Nilidhani nitakuja na furaha tupu, lakini tangu asubuhi sijatulia. Upepo ukivuma kidogo tu nashtuka. Kumbe mtu anaweza kushukuru huku anatetemeka.

Mimi ni mtu wa Kibiti, kando ya barabara kuu, nauza chai na chapati kwa wasafiri. Ugonjwa ulipoingia nchini, mabasi mengi yakawa yanapita bila kusimama, na abiria aliyeshuka alinyoosha mkono kuchukua chai kama anayempa nyani ndizi. Nikafunga banda. Ndipo salamu zikanifikia kutoka kwetu delta, upande wa Maparoni: mama yako anakohoa, na amekataa kuondoka shambani.

Huku kwetu mpunga ukikaribia kuiva tunahamia shambani. Kila shamba lina dungu, kijumba cha miti kilichoinuliwa juu, unapanda kwa ngazi. Kutoka hapo mtu anaamia ndege tangu alfajiri hadi jua kuzama. Anapiga kelele, anarusha udongo kwa teo, na anavuta kamba ndefu iliyokatiza shamba, imefungwa makopo matupu na vipande vya debe. Ukizembea siku moja, ndege wamekula chakula chako cha mwaka. Kwa hiyo mama aliponiona nashuka kwenye mtumbwi hakuniuliza habari za njiani. Alisimama juu ya dungu lake, kanga mdomoni, akaninyooshea kidole.

"Ishia hapo hapo! Una watoto wewe. Dungu la marehemu baba yako liko tupu, kapande huko."

"Mama, twende hospitali."

"Na mpunga nimwachie nani? Ndege hawana korona, mwanangu. Wao wazima kabisa."

Kubishana na mama ni kutwanga maji kwenye kinu. Nikapanda dungu la baba, ng'ambo ya shamba. Tukapatana kwamba uji na maji ya mchaichai nitamwekea chini ya ngazi, nirudi nyuma, ndipo ashuke. Na mchana kutwa nisikie sauti yake. Siku za mwanzo aliita kwa nguvu, "Hoo! Hoo! Tokeni, wezi nyie!" na mimi nikamwitikia. Kisha wito ukafupika, ikawa "Hoo" moja na kikohozi kirefu. Mwishowe hakuita tena, akawa anavuta kamba tu. Makopo yakilia nasema alhamdulillahi, yupo. Yakinyamaza, nasimama na kutazama ng'ambo mpaka yalie tena.

Dungu la tatu, upande wa pili wa mama, lilikuwa la jirani niliyemwita mama mkubwa tangu utotoni. Yeye na mama walikuwa hawasemezani misimu kadhaa. Mama alidai kwamba mwenzake hafukuzi ndege, anawahamisha: akiwaamia kwake, anawaelekeza kwetu. Mwenzake naye alidai hivyo hivyo. Wote wawili walisema kweli, maana ndege akifukuzwa lazima atue mahali, lakini nani angethubutu kuwaambia? Walikuwa wakikutana njia ya kisimani, kila mmoja anatazama miguu yake.

Siku moja, baada ya adhuhuri, upepo wa kusi ulipanda kutoka baharini. Makopo ya mama yakawa yanalia vizuri kuliko siku zote, hayakomi. Nilifurahi. Nikajisemea mkono umepata nguvu, mchaichai unafanya kazi, na nikainama kuchochea moto. Mara nikasikia jirani anapiga kelele, na hazikuwa kelele za ndege.

"We mwanangu! Hebu tazama mpunga wa mama yako!"

"Si makopo yanalia, mama mkubwa?"

"Achana na makopo! Tazama ndege!"

Nikatazama. Ndege walikuwa wametua kwa mama, wengi mpaka mashuke yamelala, wanakula kwa raha kama wamealikwa. Makopo yanagongana juu ya vichwa vyao na hakuna anayeinua shingo. Ndege wanaujua upepo. Upepo unatikisa kamba vile vile kuanzia mwanzo hadi mwisho, hauna hasira. Mkono wa mtu unakurupusha. Wale ndege walikuwa wameshajua kwamba hakuna mtu kwenye ile kamba.

Sijui nilishukaje. Nilipofika, jirani alikuwa keshapanda ngazi ya mtu asiyesemezana naye. Nilisikia sauti yake huko juu: "Mwenzangu. Mwenzangu, fumbua macho." Mama alikuwa amelala ubavu, kamba ameizungusha kifundoni mwa mkono, midomo imepauka, anavuta pumzi fupi fupi. Nilimwita, kisha nikaanza kuifungua kamba mkononi mwake.

Tulimfunga kwa kanga tukamshusha. Mambo ya nani asogee na nani asisogee yaliishia pale. Lakini mtumbwi ulikuwa umekaa kwenye tope, maji yamekupwa, mkondo umebaki kijimfereji. Maji hayabembelezwi. Ilibidi tungoje yajae, mama katikati yetu, jirani amemwegemeza kifuani mwake ili apumue akiwa wima. Mimi nailaani bahari kimoyomoyo, naomba Mungu anisamehe, kisha nailaani tena. Jirani yeye alikuwa anaongea bila kukoma, anamweleza habari zote za misimu waliyonuniana: nani kaolewa, nani kaachika, mbuzi wa nani kaingia msikitini. "Usilale," akamwambia. "Sijamaliza kukugombeza." Nilimwona mama akisogeza kidole.

Maji yalipogusa ubavu wa mtumbwi tulisukuma kwa mabega. Kwenye mkondo mkubwa boti ya mashine ikatupokea hadi Nyamisati, na gari la samaki likatupeleka hospitali ya Kibiti. Mama akawekewa hewa ya mtungi. Watu wakati ule walikuwa wanasema nimonia huku wakitazama pembeni, na mimi sikuuliza sana. Nilikaa nje ya ukuta, kila mlango ukifunguliwa nasimama. Baadhi ya walioingia siku zile walitoka wamefunikwa. Mama alitoka kwa miguu yake, akiuliza mpunga.

Mpunga ulikuwepo. Jirani alirudi akaamia mashamba mawili, lake na la mama, akikimbia dungu hadi dungu. Waliosema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki hawakutaja kama lazima muwe mnasalimiana. Nilipomwendea na sukari na kanga mpya, nikalia mbele yake, alinitazama kama nimerukwa na akili.

"Sasa ningewafukuzia wapi," akasema, "na huko nako nilikuwa mimi?"

Mwaka umezunguka. Nilimwomba mama abaki kwangu, akasema amechoka kukaa kama kuku anayeatamia. Amerudi kwenye dungu lake. Pumzi ipo, ila sauti ya kuita haikurudi, na sasa hivi kusi imepanda na makopo yanalia bila kukoma. Siwezi kujua ni mkono au ni upepo. Ndege wameshatua kwake.

"Mwenzanguuu!" jirani anaita. "Upo?"

Makopo yanalia vile vile. Nimeshaweka mguu kwenye ngazi.

Sisikilizi makopo tena, natazama ndege. Wanakula. Wanakula. Kisha wanaruka wote kwa pamoja, wanazunguka juu ya dungu la mama, wanakwenda kutua moja kwa moja kwenye shamba la jirani.

"Haya, umeanza!" jirani anapiga kelele. "Umeanza tena kunihamishia ndege!"

Nimekaa kwenye ngazi, nalia.