Ngome Mbili za Alfajiri

Anayezipa sehemu mbili jina moja humdanganya msafiri kabla hajafunga mzigo wake. Nimelisema hilo mbele ya watu, tena kwa sauti, na kwa kulisema nimebandikwa jina la Katiba, ambalo halinikeri hata kidogo. Lakini hapa siandiki habari zangu. Naandika habari za mshonaji mmoja, mwanamke aliyejulikana mtaani kwetu kama Bi Sindano, na za Jumapili ile ambayo ramani aliyoishona kwa mkono wake mwenyewe nusura imnyang'anye ndugu yake wa pekee.

Kazi yake aliifanyia katika chumba cha kupanga, kati ya duka la vipuri na kinyozi. Siku za kazi alishona sare za shule na mapazia. Siku mbili za mwisho wa juma, mchana, alifuta chaki kwenye meza ya kukatia, akatundika mikasi ukutani, akatandaza turubai. Juu ya turubai hilo palikuwa na nchi nzima ya kubuni: milima ya uzi wa kahawia, mito ya uzi wa buluu, misitu ya wachawi, na falme zisizokwisha kupigana. Sisi wachezaji tuliizunguka meza, kila mmoja na mtu wake wa mchezo. Bi Sindano, kama mwenye ramani, alisimulia yanayotokea, akasema kwa sauti za maadui na za wapita njia, na akaamua kila jambo ambalo dadu hazikuliamua.

Sheria yake moja iliwapendeza wote isipokuwa mimi. Aliyefika mahali kwanza ndiye aliyechagua jina, na jina likishashonwa halifumuliwi. Kwa kuisikia ni sheria ya haki. Lakini nchi ile ilichezwa na meza mbili, ya Jumamosi na ya Jumapili, ambazo hazikukutana, na binadamu aliyechoka hufikiri sawasawa na binadamu mwenzake aliyechoka. Kila aliyeona maji baada ya jangwa alipaita Pumziko. Tukawa na Pumziko nne. Tulikuwa na Mto wa Majivu uliokwenda mashariki na Mto wa Majivu uliokwenda magharibi. Na tulikuwa na Ngome ya Alfajiri mbili: ya kaskazini, iliyopewa jina na watu wa Jumamosi, na ya kusini, iliyokuwa yetu.

"Bi Sindano, hii ni aibu," nilimwambia zaidi ya mara moja. "Ongeza hata neno moja tu. Ya Kusini. Ya Kaskazini. Uzi unao."

"Jina ni la aliyelitoa, Katiba. Mimi simnyang'anyi mtu kitu chake."

"Mwacheni tu," alidakia dereva wa lori, mtu asiyeweza kuona kidonda asikitie chumvi. "Akimaliza majina atadai mvua nayo ipigiwe kura kabla ya kunyesha."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa maana mwaka uliotangulia mtu wa dereva huyohuyo alikuwa amekufa kwa kiu akielekea Pumziko isiyo yake. Na sheria ya mezani ilikuwa kali: mtu wako akifa, unaondoka, na hurudi mpaka vita vya mwaka viishe. Dereva aliondoka akinung'unika, akasubiri nje ya mchezo msimu mzima, akarudi.

Sasa nieleze kwa nini sheria hiyo ilimtisha Bi Sindano kuliko ilivyomtisha mchezaji yeyote. Mdogo wake, fundi wa kuchomelea tuliyemwita Chuma, alikuwa na kinyongo naye tangu baba yao alipofariki. Dada ndiye aliyemuuguza mzee na ndiye aliyebaki katika nyumba. Mdogo aliona amesukumwa nje. Wakikutana barabarani walipishana kama watu wasiojuana. Hawakutembeleana, hawakupigiana simu. Ila Jumapili Chuma alikuja, akaketi mwisho wa meza, akamchezesha Kapteni Jabali, mlinzi wa ngome yetu ya kusini. Na katika ngome hiyo Bi Sindano aliweka mpishi mzee, akamsemea yeye mwenyewe.

"Kapteni, mbona umekonda? Huko lindoni hawakupi chakula?"

"Napewa, Mama Mpishi. Na wewe mguu vipi? Bado unakusumbua?"

Mpishi wa turubai hana mguu. Aliyekuwa na mguu mbovu ni Bi Sindano. Sote tulilijua hilo, na kwa heshima tulitazama dadu. Hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee iliyobaki kati ya ndugu wale wawili. Jabali akifa, Chuma angeondoka. Na Chuma hakuwa mtu wa kubisha hodi mara ya pili.

Jumapili ninayoieleza, adui alishuka kutoka pande zote, kusini na kaskazini, ikabidi meza mbili ziungane. Watu wa Jumamosi waliongozwa na muuguzi mmoja, mwanamke wa maneno machache aliyekuja na sare zake za kazi. Jeshi la farasi lilikuwa mikononi mwake, likisubiri katikati ya nchi, kwenye daraja. Ngome yetu ilikuwa imezingirwa. Lango lilikuwa limepasuka, mishale imekwisha, na Jabali amesimama nyuma ya mbao na watu wachache. Bi Sindano alizitikisa dadu za adui, akazirusha. Kwa sheria, amri inayotamkwa dadu zikiwa hewani hairudi nyuma.

"Farasi wangu wote," muuguzi akasema, "waende Ngome ya Alfajiri. Wafunge malango."

Tukashangilia. Dereva alipiga meza mpaka vumbi la chaki likaruka. "Muuguzi wee! Leo umetibu!"

Chuma alivuta pumzi kama mtu aliyetoka majini. Lakini muuguzi alikuwa amekwisha kushika kipande cha mbao kilichowakilisha farasi wake, akakisogeza kaskazini.

Kule duka la vipuri mtu alikuwa akigonga rimu, na tulisikia kila pigo.

"Unaenda wapi?" Chuma akauliza.

"Ngome ya Alfajiri."

"Ngome ya Alfajiri ni hii, mama. Hii ninayofia mimi."

Muuguzi aliinama juu ya turubai, akasoma mshono wa kusini. Uso wake ukabadilika. "Sikujua kuna nyingine. Haki ya Mungu sikujua."

Hapo nikasimama. Nilisema, na nasema tena, kwamba amri ile ilikuwa batili. Kwamba kosa la ramani halitozwi msafiri. Kwamba mwenye kuchora njia ndiye mdaiwa wa kila anayepotea humo. "Ifutwe," nikasema. "Atamke upya."

"Ifutwe?" Dereva alinigeukia, na safari hii hakukuwa na utani mdomoni mwake. "Mimi nilipokufa na kiu mbona haikufutwa? Nilikaa nje msimu mzima nikiwasikia mnacheka humu. Au sheria inalegea kwa kuwa huyu ni ndugu?"

Bi Sindano alikuwa amefumba macho. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Angeweza kusema farasi waende kusini, na nusu ya meza ingemshukuru. Angeweza kusema kusini ni karibu zaidi, na uongo huo usingemuua mtu. Alifumbua macho, akamtazama muuguzi.

"Mwenzangu, nitakuuliza mara moja, na utakachosema ndicho kitakachokuwa. Ulipotamka, machoni mwako uliona wapi?"

Muuguzi alimtazama Chuma. Alitazama mikono yake mwenyewe. Sijui mtu mwingine angejibu nini. Nasema tu kwamba kusema uongo pale kulikuwa rahisi kama kumeza mate, na kwamba sote tulikuwa tukimwombea aseme.

"Kwetu," akasema taratibu. "Kaskazini. Nisamehe, kaka."

"Farasi wameenda kaskazini," Bi Sindano akasema. "Kapteni Jabali, tupa dadu zako."

Chuma alizitupa bila kuziangalia. Tuliziangalia sisi. Namba zilikuwa ndogo mno. Lango likavunjika, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mwenye ramani hakusimulia kifo. Alikilaza tu kipande cha mbao cha Jabali chali, polepole, kama anayemlaza mtoto.

Chuma aliinuka. Stuli yake ikaanguka. "Kwa baba ulinitoa," akamwambia. "Na huku umenitoa."

Akatoka. Dereva, aliyekuwa amedai sheria ishike, alikuwa sasa akichunguza kucha zake.

Bi Sindano alikusanya dadu zote, zetu na za adui, akaja kuzimimina mbele yangu. "Katiba amesema kosa la ramani halitozwi msafiri," akatangaza. "Amelisema miaka yote, nikamcheka pamoja nanyi. Msafiri ameshatozwa, hilo silirudishi. Lakini mdaiwa ni mimi. Aliyetoka kwa kosa langu hatoki peke yake. Natoka na mimi mpaka vita viishe. Endesha wewe."

"Mimi?" nikauliza.

"Bila wewe hakuna nchi, Bi Sindano!" dereva akalia.

"Nchi ipo hapo mezani. Akiwachosha kwa hotuba, mvumilieni."

Akatoka akichechemea. Chuma alikuwa hajafika mbali. Alikuwa akihangaika na mnyororo wa baiskeli yake mbele ya kinyozi. Dada alisimama nje ya kizingiti, akajishikilia kwenye fremu ya mlango.

"Umefuata nini?" Chuma akauliza bila kuinua kichwa.

"Sijafuata kitu. Nimetolewa, kama wewe."

Mnyororo ulilia kidogo, ukanyamaza. Hapakuwa na kapteni tena, hapakuwa na mpishi wala ngome. Chuma alijifuta grisi kwenye suruali, na alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye swali lake limemkaa kooni tangu siku ya mazishi.

"Dada, kwa nini hukuniita baba alipozidiwa?"

"Keti kwanza," akasema. "Jibu lake ni refu, na silijibu nikiwa nimesimama."

Nikaenda kufunga mlango. Yaliyofuata hayakuwa mali ya mezani, na nasikitika kusema kwamba kati yetu sote ni muuguzi peke yake aliyeonekana kulielewa hilo bila kuambiwa.

"Wanasemaje?" dereva akanong'ona, sikio ameliegemeza kwenye ubao wa ukuta.

"Hayakuhusu."

"Lakini Katiba, ukuta wenyewe huu ni kama karatasi. Hata nisipotaka nitasikia."

"Basi tupa dadu," nikamwambia, "na uzitupe kwa kelele."